Jinsi ya kuunganisha kompyuta za dukani na seva ya PostgreSQL bila kuianika databesi intaneti

Biashara nyingi zinaanza hivi: programu ya mauzo iko kwenye kompyuta moja, databesi iko hapohapo, mambo yanaenda. Baadae anaongezwa keshia wa pili, mhasibu anataka ripoti kwenye laptop yake, stoo inahamia sehemu nyingine, na ndo maswali yanaanza, sasa hizi mashine zote zinasomaje databesi moja? Jibu linalozunguka sana mitandaoni ni kufungua poti (mlango wenye namba ambao programu inapokelea mawasiliano) kwenye ruta na kuruhusu kila anwani, basi kazi imeisha. Naomba sana usilifuate hilo jibu. Tarehe 25 Januari 2003 kirusi cha Slammer kilipita kwenye SQL Server zilizokuwa wazi intaneti na mashine nyingi kati ya kama 75,000 zilizopatwa zilikua zimeshaambukizwa ndani ya dakika 10 tu. Januari 2017 ikawa zamu ya MongoDB, databesi maelfu kwa maelfu zilizoachwa wazi bila paswedi zikafutwa na ndani yake kikaachwa kijibarua cha kudai bitcoin. Wanaofanya hivi hawakutafuti wewe kwa jina, wana programu zinazopita anwani zote za intaneti usiku na mchana, duka lako la Kariakoo nalo linapitiwa.

Kwahiyo tutafanya yote ndani ya mtandao binafsi. Mfano ninaoutumia ni duka la vipuri vya magari Kariakoo: seva moja yenye Ubuntu 24.04 na PostgreSQL 16 (programu ya databesi), keshia wawili wanatumia Windows, mhasibu ana laptop, na stoo iko Tegeta. Kama unatumia MySQL mantiki ni ileile, poti inakua 3306 badala ya 5432 na mstari wa kubadilisha unaitwa bind-address.

Kitu kimoja nakuomba ushike kabla hujagusa chochote: fuata mpangilio. Mtandao kwanza, halafu poti, halafu ruhusa, halafu paswedi, mwisho kabisa programu yenyewe. Watu wanapoteza siku nzima wakibadilisha paswedi wakati waya wa neti haujaingia vizuri kwenye swichi.

Hatua ya 1: anwani ya seva isihame

Seva lazima iwe na anwani moja isiyobadilika. Ukiiacha ichukue anwani yoyote kutoka kwenye ruta, siku umeme ukikatika ukarudi ruta inaweza kuipa nyingine na asubuhi keshia wote wanakupigia simu kwa pamoja. Anwani za mtandao binafsi zinajulikana, ni zile zinazoanza na 10, na 192.168, na zile za kuanzia 172.16 mpaka 172.31, hizi hazipiti kwenye intaneti ya wazi.

Ushauri wangu: usitumie 192.168.0 wala 192.168.1. Ruta nyingi zinatoka kiwandani na hizo, nyumbani kwa mhasibu zipo, stoo zipo, na siku ukitaka kuunganisha sehemu mbili zitagongana vibaya sana. Chagua kitu kama 192.168.10, kibadilishe kwenye ruta mapema kabla mtandao haujawa mkubwa. Alafu kwenye seva fungua faili lililopo ndani ya /etc/netplan/ uandike hivi (jina la kadi ya neti utalipata kwa komandi ya `ip a`, la kwako linaweza lisiwe enp3s0):

```
network:
  version: 2
  ethernets:
    enp3s0:
      dhcp4: false
      addresses: [192.168.10.5/24]
      routes:
        - to: default
          via: 192.168.10.1
      nameservers:
        addresses: [192.168.10.1, 1.1.1.1]
```

Usikimbilie `netplan apply`, tumia `sudo netplan try`. Hii inakupa sekunde 120, usipothibitisha inarudisha mipangilio ya zamani yenyewe, kwahiyo hata ukikosea ukiwa umeingia kwa mbali haujifungii nje. Na kwenye ruta hakikisha .5 haimo kwenye zile anwani inazogawa, mfano iambie igawe kuanzia 100 mpaka 200.

Seva iunganishwe kwa waya, sio wifi. Keshia nao kwa waya kama inawezekana. Laptop ya mhasibu ikitumia wifi sawa, ila isiwe ile wifi ya wageni, kwa sababu ruta nyingi zinazuia mashine za wifi ya wageni zisionane na mashine zingine, utahangaika bure na hakuna kosa lolote kwenye seva.

Jaribu kutoka kwa keshia: `ping 192.168.10.5`. Ikijibu songa mbele. Isipojibu simama hapo hapo utafute waya, swichi, wifi.

Hatua ya 2: iambie PostgreSQL isikilize mtandaoni

Ikitoka kwenye paketi PostgreSQL inasikiliza localhost tu, yaani inajiongelesha yenyewe ndani ya mashine. Angalia kwa `sudo ss -lntp | grep 5432`, utaona 127.0.0.1:5432. Fungua /etc/postgresql/16/main/postgresql.conf, tafuta mstari huu, ondoa alama ya reli (#) mbele yake, uandike:

```
listen_addresses = 'localhost,192.168.10.5'
```

Halafu `sudo systemctl restart postgresql`. Hapa ni restart kweli, reload haitoshi kwa mstari huu, na ukirudia ile komandi ya ss sasa lazima uone mstari wa 127.0.0.1 na wa 192.168.10.5.

Sasa kuna kitu ambacho kinawatesa watu na hawajui kinatoka wapi. Seva ikiwaka baada ya umeme kurudi, PostgreSQL inaweza kuamka kabla kadi ya neti haijapata anwani yake. Ikikuta 192.168.10.5 haipo inaandika onyo kwenye logi na kuendelea kuwaka na localhost peke yake, haizimi. Ukiangalia status inakuambia active, ukiingia kwa psql (programu ya komandi ya PostgreSQL) palepale kwenye seva unaingia, lakini keshia hawaingii, ukifanya restart kila kitu kinapona na unabaki unajiuliza. Dawa yake ni kuifanya isubiri mtandao:

```
sudo systemctl edit postgresql@16-main.service
```

na ndani yake:

```
[Unit]
Wants=network-online.target
After=network-online.target
```

Hifadhi, halafu zima seva na uwashe tena kabisa, uangalie kwa ss. Usisubiri siku umeme ukatike ndo ujue kama imekubali.

Hatua ya 3: fayawoli

Fayawoli tunayotumia hapa inaitwa ufw. Ruhusu SSH (njia ya kuingia kwenye seva ukiwa mbali) kwanza, ndo uwashe. Ukigeuza mpangilio huu na uko mbali na seva, itabidi upande daladala uifuate.

```
sudo ufw allow OpenSSH
sudo ufw allow from 192.168.10.0/24 to any port 5432 proto tcp
sudo ufw enable
sudo ufw status
```

Mstari wa pili unasema yeyote wa ndani ya mtandao wa duka anaweza kugonga poti 5432, wengine hapana. Ukitaka kubana zaidi weka anwani ya kila keshia mmoja mmoja, mimi napenda hivyo pale ambapo wifi ya ofisi ina watu wengi. Angalizo kwa wanaoendesha PostgreSQL ndani ya Docker: poti ukiichapisha kwa Docker inapita pembeni ya ufw, kwahiyo ufw itakuonyesha imefungwa na huku iko wazi. Ichapishe kwenye anwani ya ndani peke yake, `192.168.10.5:5432:5432`.

Sasa nenda kwa keshia, fungua PowerShell, uandike:

```
Test-NetConnection 192.168.10.5 -Port 5432
```

Unatafuta mstari wa mwisho, TcpTestSucceeded, useme True. Ukisema False usiguse paswedi wala programu, rudi hatua ya 2 na ya 3.

Hatua ya 4: nani anaruhusiwa, kutoka wapi, kwenye databesi gani

Kwanza tengeneza mtumiaji. Programu isitumie postgres, huyo ni mwenye nyumba, ana funguo zote.

```
sudo -u postgres psql
CREATE ROLE duka_app LOGIN;
\password duka_app
CREATE DATABASE duka OWNER duka_app;
CREATE ROLE ripoti LOGIN;
\password ripoti
GRANT pg_read_all_data TO ripoti;
```

Natumia \password badala ya kuandika paswedi ndani ya CREATE ROLE kwa sababu \password inaichakata kabla haijaondoka, haibaki wazi kwenye historia ya komandi wala kwenye logi. Yule ripoti ni wa mhasibu, anasoma tu, Excel yake hata ikichanganyikiwa haiwezi kufuta mauzo ya jana. Hiyo ruhusa ya pg_read_all_data ipo kuanzia toleo la 14.

Sasa pg_hba.conf, iko folda moja na lile faili la mwanzo. Hili ndo faili linaloogopwa kuliko yote na kusema kweli lina sheria moja tu ya kukariri: linasomwa kutoka juu kwenda chini, mstari wa kwanza unaolingana ndo unaoamua, na mstari huo ukikukataa haliendelei kutafuta mwingine wa kukuokoa. Ongeza chini:

```
hostssl  duka  duka_app  192.168.10.0/24   scram-sha-256
hostssl  duka  ripoti    192.168.10.40/32  scram-sha-256
```

Soma mstari wa kwanza kama sentensi: anayekuja kwa njia iliyosimbwa, anataka databesi ya duka, jina lake duka_app, anatokea kwenye mtandao wetu, mdai paswedi. Mstari wa pili unamruhusu mhasibu kutoka kwenye laptop yake peke yake, ndo maana ya /32, na kwahiyo hiyo laptop nayo iwekee anwani maalum kwenye ruta. Usije ukaandika trust kwenye mstari wa mtandao hata kama ni "kwa majaribio tu", trust maana yake hakuna paswedi kabisa, na majaribio ya namna hiyo huwa yanasahaulika. Na 0.0.0.0/0 haina kazi kwenye duka lako.

Hapa reload inatosha, `sudo systemctl reload postgresql`, keshia aliyeko katikati ya mauzo hakatiki.

Hatua ya 5: kujaribu, na kusoma makosa

Kabla ya programu ya mauzo jaribu na psql au DBeaver au pgAdmin kwenye kompyuta ya keshia:

```
psql "host=192.168.10.5 port=5432 dbname=duka user=duka_app sslmode=require"
```

Ukiingia, furahi. Ukikataliwa soma kosa lenyewe taratibu, kila neno lina mahali pake:

"Connection refused" maana yake umefika kwenye mashine lakini kwenye poti hiyo hakuna mtu. Ni hatua ya 2, haisikilizi kwenye anwani hiyo au imezimika.

"Connection timed out" ni tofauti kabisa, hapa ujumbe wako umemezwa njiani bila jibu. Mara nyingi ni fayawoli, au anwani umekosea, au uko kwenye ile wifi ya wageni.

"no pg_hba.conf entry for host" ni habari nzuri japo haifanani! Mtandao mzima uko sawa, PostgreSQL imekuona, ila haina mstari unaokuhusu. Na kosa lenyewe linakutajia anwani iliyokuona nayo, jina na databesi, kwahiyo linganisha neno kwa neno na ulichoandika. Likitokea mara mbili mfululizo, moja linasema SSL encryption na jingine no encryption, usishtuke, klayenti imejaribu njia zote mbili, kosa ni lilelile moja.

"password authentication failed" sasa ndo ya paswedi. Hapa tu. Na kama databesi ni ya zamani imehamishwa kutoka toleo la kabla ya 14, inawezekana paswedi ilihifadhiwa kwa njia ya zamani ya md5 na wewe unadai scram, iweke upya kwa \password itakubali.

Kwa Windows zinazotumia ODBC (njia ya programu kama Excel au Access kusoma databesi), weka driva ya psqlODBC inayolingana na Office na sio inayolingana na Windows. Office ya biti 32 kwenye Windows ya biti 64 inataka driva ya biti 32, ukiweka ya 64 Excel itasema haioni kitu na wewe kwenye dirisha la ODBC unaiona iko palepale.

Hatua ya 6: stoo ya Tegeta

Hapa ndipo vishawishi vinapokuja vya kufungua 5432 kwenye ruta. Hapana. Tumia WireGuard, inayotengeneza njia ya siri (tanoli) kati ya mashine mbili kupitia intaneti, iko ndani ya kerneli ya Linux tangu toleo la 5.6 la mwaka 2020, ni bure, ni nyepesi, na mtu asiye na ufunguo akiigonga haijibu chochote, kama vile hakuna kitu.

Kwanza jua intaneti ya duka ikoje. Ingia kwenye ruta uangalie anwani yake ya nje. Ikiwa inaanzia 100.64 mpaka 100.127, au inaanza na 10, basi uko nyuma ya ruta ya mtoa huduma pamoja na wateja wengine, na laini nyingi za simu ziko hivyo, stoo haiwezi kukufikia moja kwa moja. Utaomba anwani ya umma kwa mtoa huduma au utakodi seva ndogo ya nje iwe kituo cha kukutania. Mimi naendelea na duka lenye anwani ya umma.

Kwenye seva:

```
sudo apt install wireguard
umask 077
wg genkey | tee seva.key | wg pubkey > seva.pub
```

Stoo nayo itengeneze funguo zake yenyewe, programu ya WireGuard ya Windows inakutengenezea ukiongeza tanoli mpya tupu. Ufunguo wa siri hauondoki kwenye mashine yake, kinachotumwa WhatsApp ni ule wa wazi peke yake. Halafu /etc/wireguard/wg0.conf:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.1/24
ListenPort = 51820
PrivateKey = (wa siri wa seva)

[Peer]
PublicKey = (wa wazi wa stoo)
AllowedIPs = 10.77.0.2/32
```

Na upande wa stoo:

```
[Interface]
Address = 10.77.0.2/24
PrivateKey = (wa siri wa stoo)
MTU = 1280

[Peer]
PublicKey = (wa wazi wa seva)
Endpoint = (anwani ya nje ya duka):51820
AllowedIPs = 10.77.0.1/32
PersistentKeepalive = 25
```

Washa na ufungue:

```
sudo systemctl enable --now wg-quick@wg0
sudo ufw allow 51820/udp
sudo ufw allow in on wg0 to any port 5432 proto tcp
```

Kwenye ruta ya duka elekeza 51820 ya UDP kwenda 192.168.10.5, hiyo tu. Kwenye postgresql.conf ongeza 10.77.0.1 kwenye listen_addresses, na kwenye ile faili ya systemctl edit ongeza wg-quick@wg0.service kwenye mistari yote miwili ili isubiri na tanoli pia. Kwenye pg_hba ongeza `hostssl duka duka_app 10.77.0.2/32 scram-sha-256`. Restart.

Hiyo MTU (ukubwa wa mwisho wa paketi moja ya data) ya 1280 nimeiweka makusudi. Kwenye intaneti ya simu unaweza kukuta ping inajibu, paswedi inakubali, bidhaa moja inafunguka, lakini ukiomba orodha nzima ya stoo skrini inaganda milele. Hiyo ni paketi kubwa inayopotelea njiani, ukipunguza MTU inapita. Na PersistentKeepalive ya 25 inafanya njia isifungwe na ruta za katikati wakati stoo haina kazi.

Angalia `sudo wg show`, tafuta latest handshake (salamu ya mwisho). Isipoonekana kabisa hakiki funguo, watu wengi wanabandika wa wazi na wa siri kinyume. Na kama stoo ni kompyuta ya zamani iliyokua inaunganika juzi na leo imegoma, itazame saa yake! WireGuard inakumbuka muda wa salamu ya mwisho na haikubali salamu yenye muda wa nyuma zaidi, kwahiyo kile kibetri cha duara kwenye mazabodi kikifa, kompyuta ikawaka ikidhani ni mwaka 2015, mlango unabaki umefungwa mpaka urekebishe saa. Badilisha kibetri, kinauzwa bei ndogo sana.

Hatua ya 7: jihakikishie kwamba nje pamefungwa

Chukua simu, zima wifi ya duka, washa data. Weka programu yoyote ya kupima poti, au toa intaneti kwa hotspot kwenye laptop yenye WireGuard imezimwa, na upime anwani ya nje ya duka kwa Test-NetConnection kwenye poti 5432. Unachotaka kuona ni False. Ukiona True kuna mtu aliwahi kuelekeza hiyo poti kwenye ruta, au UPnP ya ruta (inayoziruhusu programu kufungua poti zenyewe) imewashwa na programu fulani imejifungulia mlango, zima UPnP na ufute huo mstari. Rudia kipimo hiki kila ruta inapobadilishwa au fundi wa intaneti anapopita, kwa sababu ruta mpya inakuja na mipangilio yake.